Naomba ushauri: mikwaruzo kwenye IST nyeusi, nipige polishi kwa mashine?

Wakuu, habari za Jumapili. Nipo Nyakato, Mwanza, na IST nyeusi. Kivulini ni gari ya harusi kabisa. Ikiingia juani, boneti yote ni vijimikwaruzo vya kuzunguka kama utando wa buibui. Chanzo nakijua: kijana anayeniosheaga kule ziwani ana tambara moja tu, likidondoka mchangani analisuuza kwenye ndoo ileile anaendelea. Miezi minane namwangalia tunapiga stori. Kosa langu.

Fundi rangi mmoja ameniambia elfu 80 anapiga polishi kwa mashine. Nikaenda kuona kazi yake, nakuta kafunga sponji kwenye grainda, ile ya kukatia nondo! Kitu hicho kinazunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, si kitachoma klia yote (lile tabaka angavu la juu ya rangi), hasa kwenye kingo? Nikasingizia nimepigiwa simu, nikaondoka.

Kwa hapa Mwanza kuna mwenye mashine ile inayozunguka huku ikiyumba, ambayo haipashi rangi moto sana? Au ninunue yangu nijifunzie mlango wa nyuma, nianze na dawa laini kabla ya kali?

Halafu kuna mchubuko wa bodaboda mlango wa dereva, nikipitisha ukucha unanasa. Huo najua polishi haiutoi. Unajazwa rangi kwa brashi ndogo au lazima mlango mzima upuliziwe?

Waliowahi kufanya naomba mniambie na gharama.