Pesa haitoshi: mbwa wa mtaani tuwahasi au tuwachanje kwanza? Naomba ushauri

Binti Chumbageni:
Habari za jioni wakuu. Niko Tanga mjini. Mtaani kwetu mbwa koko wamejaa, hasa pale wanapomwaga mabaki ya samaki. Kuna vijana wa kujitolea, mmoja ni daktari wa mifugo, wanazunguka kuhasi na kuchanja mbwa wasio na mwenyewe. Nimeanza kuchangisha majirani ili waje na kwetu, lakini kilichopatikana hakitoshi kwa yote mawili. Daktari anasema tuanze na chanjo. Mimi roho yangu inataka majike wafungwe vizazi kwanza, maana kila msimu nawaona watoto wao wanavyogongwa barabarani. Na mwenyekiti wa mtaa ameanza kusema ataita watu wa bunduki, kwa hiyo sina muda. Mngekuwa ninyi mngefanyaje?

Mkulima wa Korogwe:
Watu hawana ada za watoto, wewe unachangishia mbwa! Huku kwetu mbwa ni wa kazi. Ninao wanne, nguruwe pori hasogelei mahindi. Nyani ndio wajanja, wanatuma mmoja akimbizwe upande huu, wenzake wanaingia upande wa pili. Mwaka juzi walinimalizia robo eka namna hiyohiyo.

Al Faqiri:
Dada yangu, jihadhari. Sisi wafuasi wa Imam Shafi tunaosha mate ya mbwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Usiwazoeze kuingia uani.

Mwanakwerekwe:
Sheikh, najisi haikatazi huruma. Yule aliyeshuka kisimani akateka maji kwa kiatu akamnywesha mbwa mwenye kiu, alisamehewa madhambi yake. Sote tumefundishwa chuoni. Dada, Mungu akulipe.

Sindano Moja:
Mimi ni muuguzi. Nina swali. Mbwa hawakuanza kuwepo leo. Mwenyekiti kapatwa na nini mpaka ataje bunduki wiki hii? Kuna mtu kaumwa?

Binti Chumbageni:
Ni jambo dogo, tumeshaelewana na mzazi. Nilitaka tu kujua kipi kitangulie.

Sindano Moja:
Jambo gani dogo?

Binti Chumbageni:
Kuna jike ninayemlisha, ana watoto. Mtoto wa jirani aliwasogelea, akamparura mguuni. Mama yeyote angefanya vile.

Sindano Moja:
Kwa kucha au kwa jino? Damu ilitoka? Kaenda hospitali? Na mbwa yuko wapi?

Binti Chumbageni:
Kwa jino. Damu kidogo sana. Mama yake alimwosha kwa sabuni. Hospitali hawajaenda, sindano ni za kununua na baba yuko baharini. Mbwa nimempeleka kwa dada yangu Muheza pamoja na watoto wake, usiku, kwa sababu wangemuua. Anakula vizuri, anatikisa mkia, hana dalili yoyote. Msinihukumu, ningemwacha apigwe mawe mbele yangu?

Kobe Mkavu:
Wadau, hii ni chai. Mwanzo ilikuwa hasi au chanja, sasa kuna mtoto, baba yuko baharini, mbwa katoroshwa usiku. Posti inayofuata ni namba ya simu ya kutuma mchango. Tumeshapigwa sana humu kwa hadithi za namna hii.

Fundi Baiskeli:
Kweli, hata picha ya mbwa hamna.

Binti Chumbageni:
Sijaomba shilingi ya mtu humu na sitaomba. Kitu gani nitakachopata kwa kutunga?

Sindano Moja:
Kobe, hata ikiwa chai, yupo anayesoma kimya ambaye mwanawe kaumwa jana. Dada, nisikilize. Kichaa cha mbwa kinapita kwenye mate, kinafuata mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo. Kinaweza kukaa kimya mwezi hadi mitatu, wakati mwingine zaidi, na dalili zikishatokea karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo mtoto aende leo. Aoshwe tena kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, hata kama kimeanza kukauka. Mafuta ya taa na vitunguu msipake. Sindano ni zaidi ya moja na kila moja ina siku yake.

Mbwa kuonekana mzima leo si ushahidi. Anatakiwa atazamwe siku 10 tangu alipouma, na mtoto asisubiri hizo siku. Akibaki mzima baada ya hapo, daktari ndiye atakayesema kama sindano zisitishwe. Ukiwa umemficha, nani atamtazama? Tena kwa dada yako kuna watoto.

Mwanakwerekwe:
Hapo kwenye kumhamisha usipachukulie kiwepesi. Pemba walichanja mpaka kichaa kikaisha 2014, kikarudi 2016 kwa kuletwa kutoka nje ya kisiwa, wakaanza upya.

Binti Chumbageni:
Basi nimrudishe?

Sindano Moja:
Hapana, usimzungushe tena. Afungwe hukohuko mbali na watoto, na afisa mifugo wa kata ile aambiwe ukweli wote. Asihasiwe wala kuchanjwa mpaka muda wa kumtazama uishe. Akifa au akibadilika, taarifa itolewe siku hiyohiyo.

Na swali lako la kwanza: daktari yuko sahihi. Hela ya kumfunga kizazi jike mmoja inachanja mbwa wengi, na ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo ugonjwa unakosa njia. Kuhasi ni kuzuri, kunapunguza idadi polepole, lakini jike aliyefungwa kizazi bila chanjo bado anapata kichaa. Mwambie mwenyekiti bunduki itaua na waliochanjwa, kisha wengine watafuata yale mabaki ya samaki.

Binti Chumbageni:
Nikitumia mchango kumnunulia mtoto sindano, majirani nitawaambia nini? Walitoa kwa ajili ya mbwa.

Mkulima wa Korogwe:
Waite uwaulize. Mimi ningekuwa jirani yako ningeshangaa usipoutumia. Na mabaki ya samaki yafukieni.

Binti Chumbageni:
Wakuu, mtoto kachomwa ya kwanza leo asubuhi. Majirani wamekubali, isipokuwa mmoja anayetaka chake, nitamrudishia. Dada amemfunga mbwa bandani na afisa mifugo ameahidi kupita. Kitakachobaki ni cha chanjo. Vizazi itabidi visubiri, na inaniuma.

Kobe Mkavu:
Weka picha ya kadi ya sindano tuamini.

Sindano Moja:
Kadi ya mtoto wa watu haiwekwi humu.

Fundi Baiskeli:
Muuguzi, mimi nina mtoto wa mbwa wa miezi miwili. Anachanjwa au bado mdogo?

Sindano Moja:
Kichaa anachanjwa hata sasa. Mpeleke, na mwakani arudie.