Mjadala: Yes isiyo na mwanzilishi hata mmoja, je, bado ni Yes?

Hoja hii imewagawa wapenzi wa roki ya progresivu, yaani roki ya nyimbo ndefu na tata, kwa miaka mingi, na kila Yes inapotangaza ziara mpya huzuka upya. Bendi hiyo ilianzishwa London mwaka 1968 na mwimbaji Jon Anderson na mpiga besi Chris Squire, wakiwa na Peter Banks, Tony Kaye na Bill Bruford. Leo hakuna hata mmoja wa hao watano aliyemo. Jina limebaki kwa mpiga gitaa Steve Howe, aliyeingia mwaka 1970. Wapo wanaosema kwamba hiyo si Yes tena, na wapo wanaosema kwamba Yes haikuwahi kuwa ya mtu mmoja.

Mimi naona kwamba hoja ya waanzilishi ni dhaifu. Albamu zilizoijengea bendi hii heshima, Fragile ya 1971 na Close to the Edge ya 1972, zilirekodiwa baada ya Banks kuondolewa ili Howe aingie, na baada ya Kaye, aliyependa kubaki na ogani yake na piano kuliko kujaribu vinanda vipya vya kielektroniki, kumpisha mpiga kinanda Rick Wakeman. Bruford, mpiga ngoma, naye aliondoka kwa hiari yake mwaka 1972 kwenda bendi ya King Crimson, na Alan White aliyemrithi akapewa takriban siku tatu tu za kujifunza nyimbo ndefu na ngumu kabla ya ziara kuanza. White alidumu na bendi hadi alipofariki mwaka 2022. Nani atathubutu kusema kwamba huyo alikuwa mgeni?

Hata ugomvi wa miaka ile ulikuwa na maana, kwa sababu waligombania muziki wenyewe. Wakeman hakuridhishwa na Tales from Topographic Oceans ya 1973, albamu ya santuri mbili yenye nyimbo nne tu, kila wimbo ukijaza upande mzima. Katika onesho moja mjini Manchester alikula mchuzi wa bizari jukwaani, kwenye vinanda vyake, huku wenzake wakiendelea kupiga. Mwaka 1974 akaondoka. Ulikuwa utovu wa adabu kwa wenzake na kwa waliolipa kiingilio, lakini kila mtu alijua wanachobishania.

Kilichotokea mwaka 2008 ni kitu kingine kabisa. Anderson alipatwa na tatizo kubwa la kupumua, ziara ya kuadhimisha miaka 40 ikafutwa, na badala ya kumsubiri apone, wenzake walimchukua Benoît David, mwimbaji wa Kanada kutoka bendi iliyokuwa ikipiga nyimbo za Yes. Hapo ndipo ninapopinga kwa nguvu zote. Howe, Wakeman na baadaye mpiga gitaa Trevor Rabin waliingia kila mmoja na sauti yake, wakaibadilisha bendi. David alichukuliwa kwa sababu alisikika kama mtu aliyekuwa bado hai na aliyetaka kurudi kazini. Cha kusikitisha zaidi, mwaka 2012 David naye alipata matatizo ya kupumua, na nafasi yake ikachukuliwa na Jon Davison.

Najua nitajibiwa kwamba Squire, aliyepiga besi katika kila albamu ya Yes hadi kifo chake Juni 2015, alikuwa na haki ya kuamua, na kwamba wanamuziki wenye familia hawawezi kukaa bila kazi. Hoja ya riziki naiheshimu. Hata hivyo, mwaka 1989 Anderson, Bruford, Wakeman na Howe, wanne kati ya watano waliotengeneza Close to the Edge, walilazimika kutoa albamu kwa majina yao wenyewe, kwa kuwa jina la Yes lilikuwa mikononi mwa upande wa Squire. Kama Howe alikubali wakati ule kwamba jina la bendi na watu wake vinaweza kutengana, anapaswa kuelewa manung'uniko ya wasikilizaji leo.

Aprili 2017, bendi ilipoingizwa katika Jumba la Heshima la Rock and Roll, Howe na White walisimama jukwaa moja na Anderson, Rabin na Wakeman, Howe akishika besi katika wimbo wa Owner of a Lonely Heart. Waliweza kupiga pamoja usiku ule, kisha kila upande ukarudi kwenye ziara yake: Howe na White na Yes, Anderson, Rabin na Wakeman na kundi lao.

Pendekezo langu ni kwamba jina libaki kwa Howe, lakini kila bango la onesho litaje waimbaji na wapigaji kwa majina, kwa herufi zinazosomeka, ili mnunuzi wa tiketi ajue anakwenda kumsikiliza nani. Wanaoamini kwamba jina la Yes lingezikwa pamoja na Squire, tafadhali waeleze ni kwa nini halikuzikwa Anderson alipoondoka kwa mara ya kwanza mwaka 1980.