Mazoezi ya kufundisha Yuendumu, Australia: nijiandae vipi?

Chaki_Morogoro:
Ndugu zangu, nasomea shahada ya ualimu Darwin, na muhula ujao nitafanya mazoezi ya kufundisha Yuendumu, kijiji cha Waaborijini wa kabila la Warlpiri kilichoko jangwani, karibu kilomita 300 kaskazini-magharibi mwa Alice Springs. Kadi ya Ochre, ambayo bila hiyo mtu haruhusiwi kufanya kazi na watoto huku Northern Territory, nimekwisha kuipata. Kinachonisumbua ni darasa lenyewe. Watoto huzungumza Kiwarlpiri nyumbani, nami sikijui hata neno, na mwenzangu aliyewahi kwenda huko anasema kwamba ukimwuliza mtoto swali huinamisha macho na kunyamaza. Andalio la somo tunalofundishwa chuoni limejengwa juu ya maswali na majibu, nitalitumiaje hapo?

Mama_Ubao:
Hongera, mwanangu. Kuinamisha macho mbele ya mkubwa hakupaswi kukushangaza wewe uliyelelewa Morogoro, kwa hiyo hilo tuliache. Kimya ndicho cha kuangalia kwa makini, kwa kuwa kina sababu zaidi ya moja, na inayosahaulika kuliko zote ni masikio. Maambukizi ya sikio la kati ni mengi mno katika jamii hizi, huwaanza watoto wangali wachanga, na mtoto anaweza kukusikia vizuri wiki hii, wiki ijayo akakosa nusu ya maneno yako. Ndiyo maana baadhi ya madarasa yamefungwa vipaza sauti. Ukipewa maikrofoni ivae, hata kama watoto ni wachache na unaona unajichekesha. Usizungumze huku umewapa mgongo ukiandika ubaoni, wala usisimame dirishani mwanga ukiwa nyuma yako, maana asiyesikia vizuri hutegemea kuuona mdomo wako. Ukishauliza swali, subiri kupita ulivyozoea, na usimsimamishe mtoto mmoja ajibu peke yake, kwani mbele ya wenzake hiyo ni aibu.

Kaka_wa_Jangwani:
Naafikiana na Mama Ubao, ila mimi ningeanza na mwalimu msaidizi Mwarlpiri. Ufundishaji kwa lugha mbili ulianza Yuendumu katika miaka ya 1970, na tangu 2005 Wawarlpiri wametenga sehemu ya mrabaha wa mgodi wa dhahabu kwa ajili ya elimu ya watoto wao. Kwa hiyo agizo la serikali la mwaka 2008, kwamba saa nne za kwanza za kila siku zifundishwe kwa Kiingereza, liliwauma sana. Utakayemkuta darasani si mkalimani wa kukutulizia kelele. Huenda alianza kufundisha kabla hujazaliwa, na wewe utaondoka, yeye abaki. Mpelekee andalio siku moja kabla, mkubaliane ni sehemu ipi ataiongoza kwa Kiwarlpiri, kisha ukae usikilize kama mwanafunzi. Siku akitoka ghafla mtu fulani anapoingia, usidhani amekasirika: huko mama mkwe na mkwewe wa kiume hawaketi chumba kimoja wala hawasemezani.

Chaki_Morogoro:
Shikamoo Mama, na asante Kaka. Je, ni kweli kwamba ukitokea msiba shule inaweza kubaki karibu tupu?

Mama_Ubao:
Marahaba. Ni kweli, kwa sababu familia husafiri hadi vijiji vingine, Lajamanu kwa mfano, na watoto hufuatana nao. Tena marehemu hatajwi jina, na aliye hai mwenye jina hilohilo huitwa Kumanjayi kwa kipindi kirefu. Basi kabla ya kuita mahudhurio, mwombe msaidizi akuonyeshe majina ya kuruka. Panga kila somo lijitegemee, ili mtoto anayerudi baada ya wiki mbili asikute ameachwa njiani, na mkufunzi wako mweleze mapema, asije akakukagua siku yenye watoto watano akaandika kwamba darasa limekushinda.