Kisafishaji hewa kinawaka taa nyekundu kila usiku, nami bado naamka nimechoka

Mkesha aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, naomba mnisaidie kwa fikra, maana nimeshatumia fedha nyingi na bado sioni nafuu. Kwa muda wa mwaka mmoja hivi nimekuwa nikiamka kinywa kikavu na kichwa kizito, na ifikapo alasiri nasinzia mezani kama mtu aliyekesha msibani, ilhali kitandani sikosi usingizi wa saa saba au nane kila usiku.

Kwa kuwa nina mafua ya mzio, nilianza kwa kununua kisafishaji hewa. Kinywa kilipoendelea kukauka nikaongeza kifaa cha unyevu, kile kinachotoa ukungu baridi. Baadaye ikafuata saa janja inayopima usingizi, kisha kipima oksijeni cha kubana kidoleni, na hivi karibuni nimeshawishiwa kununua kidani kinachodaiwa kutoa ioni hasi za kuongeza nguvu mwilini.

Ajabu ni kwamba tangu nilipoleta kile kifaa cha unyevu, taa ya kisafishaji hewa, ambayo zamani ilikaa kijani usiku kucha, hugeuka nyekundu nusu saa tu baada ya kuviwasha vyote viwili. Feni huanza kuvuma kwa nguvu, na asubuhi nakuta vumbi jeupe, laini kama unga, limetanda juu ya kioo cha simu na meza iliyo kando ya kitanda. Je, kifaa kimoja kinaharibu kazi ya kingine? Saa nayo hunipa alama kama 61 kwa 100, niitilie maanani? Nikipima oksijeni kabla ya kulala napata 97, kwa hiyo nadhani mapafu yangu ni mazima. Niongeze kifaa gani ili nipate nguvu za mchana?

Fundi Hewa alijibu:

Ndugu Mkesha, kisafishaji chako hakijaharibika, kinakueleza ukweli. Vifaa vingi vya ukungu baridi vina kisahani kidogo chini ya maji kinachotetemeka kwa kasi isiyosikika kwa sikio, na mtetemo huo huyapasua maji yakawa matone madogo mno. Kila kilichomo ndani ya maji hurushwa hewani pamoja nayo. Tone likikauka, maji huenda zake na madini, hasa ya kalsiamu na magnesiamu, hubaki yakielea. Hayo ndiyo unayoyafuta asubuhi kwenye kioo cha simu. Kitambuzi cha kisafishaji hutumia mwanga kuhesabu chembe zinazopita, na hakina namna ya kutofautisha chembe ya madini, tone la maji na chembe ya moshi. Kinaona hewa imejaa chembe, basi kinawasha taa nyekundu na kuongeza kasi. Matokeo yake unalisha chujio lako unga uliouzalisha mwenyewe, nalo litaziba kabla ya wakati wake.

Ungeweza kutumia maji yaliyokenekwa, ambayo hayana madini. Kuchemsha maji ya bomba huua vijidudu lakini hakuondoi madini yote, kwa hiyo usitegemee njia hiyo kuondoa unga. Wapo pia wanaotumia kifaa cha aina nyingine, kinachopitisha hewa katika utambi uliolowa. Hicho huacha madini kwenye utambi badala ya kuyarusha chumbani.

Hata hivyo, swali ambalo ningelitanguliza ni kama unahitaji unyevu wowote wa ziada. Nunua kipima unyevu kidogo, kifaa rahisi kuliko vyote ulivyovitaja, ukiweke mbali na ule ukungu. Chumba kinachofaa huwa kati ya asilimia 30 na 50. Kikipita 60, kuvu huota pembeni mwa kuta na utitiri wa vumbi hustawi ndani ya godoro, na kwa mtu mwenye mafua ya mzio hilo ni sawa na kumkaribisha mwizi na kumwandalia kitanda. Kama utaendelea na kifaa hicho, mwaga maji kila siku na kusugua tangi kila baada ya siku tatu. Ukipitisha kidole ndani yake ukahisi utelezi, hao ni bakteria, nawe umekuwa ukiwavuta usiku kucha.

Kuhusu kisafishaji chenyewe: chujio la daraja la HEPA hunasa angalau asilimia 99.97 ya chembe zenye ukubwa wa mikromita 0.3, kwa hiyo chavua na vumbi havikipi shida. Harufu na gesi hupita, isipokuwa kuwe na tabaka la kaboni hai, yaani mkaa uliotayarishwa kunasa harufu. Kisukumwe nyuma ya pazia na hakitafanya lolote. Kama kina kitufe cha ozoni, kizime kabisa. Ozoni ni gesi inayounguza njia ya hewa, na Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani limekuwa likiwaonya watu dhidi ya mashine zinazoitengeneza majumbani.

Muuguzi Mstaafu alijibu:

Mwanangu, Fundi amelimaliza suala la unga vizuri, lakini mimi nimesoma ujumbe wako mara mbili na macho yangu yamerudi kwenye mstari wa kwanza. Kinywa kikavu, kichwa kizito asubuhi, kusinzia mchana baada ya saa nane za kulala: kabla ya kufikiria kifaa kingine, muulize anayelala kando yako kama unakoroma, na kama mkoromo huo hukatika ghafla, kukawa kimya, kisha ukashtuka kama mtu anayeibuka kutoka majini.

Kuna ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Misuli ya koo hulegea, njia ya hewa hujifunga, oksijeni hushuka, na ubongo hulazimika kukuamsha kidogo ili uvute pumzi. Unaamshwa hivyo mara nyingi sana bila kukumbuka hata mara moja, ndiyo maana mgonjwa huapa kwamba alilala fofofo. Wataalamu huhesabu matukio hayo kwa kila saa ya usingizi: kuanzia 5 huhesabiwa kuwa ugonjwa, kuanzia 15 ni wa kiwango cha kati, na kuanzia 30 ni mkali. Usipotibiwa huambatana na shinikizo la juu la damu na maradhi ya moyo, na humfanya mtu asinzie akiwa kwenye usukani.

Ile 97 yako ya kabla ya kulala haisemi chochote kuhusu usiku. Ni kama kukagua paa linalovuja wakati wa kiangazi. Tena kifaa hicho, ambacho kanuni yake iligunduliwa na mhandisi Mjapani Takuo Aoyagi katika miaka ya 1970, hupitisha mwanga mwekundu na ule usioonekana katika kidole na kukadiria oksijeni kwa jinsi damu inavyoufyonza. Rangi ya kucha, hina na vidole baridi huweza kukipotosha, na ngozi nyeusi pia. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba upungufu wa oksijeni ambao kipimo hiki hakikuuona ulitokea kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya wagonjwa weupe, na mwaka uliofuata Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo ikatoa tahadhari. Kwa hiyo mwenye ngozi kama yangu asifarijike mno na namba nzuri. Atazame zaidi kama imeshuka kuliko kawaida yake, na asikilize jinsi anavyojisikia.

Nenda kwa daktari, umwombe kipimo cha usingizi. Siku hizi watu wengi hupewa kifaa cha kulala nacho nyumbani kwa usiku mmoja. Omba pia upimwe wingi wa damu, sukari na tezi ya shingo, kwa kuwa uchovu una milango mingi, na sonona ni mmojawapo. Wakati unasubiri, lala ubavu, jiepushe na pombe na dawa za usingizi, kwani zote huilegeza misuli ya koo. Ukiona unahema ukiwa umetulia, kifua kinauma au midomo imebadilika rangi, hapo usisubiri miadi wala usisubiri kipimo, kimbilia hospitali.

Baba Pacha alijibu:

Naongezea ya kwangu kama mgonjwa. Nina mwaka wa tatu nikilala na mashine ya CPAP, ile inayosukuma hewa kwa shinikizo dogo lisilokatika ili koo lisijifunge. Njia hii ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1981 na Colin Sullivan na wenzake huko Australia, na hadi leo ndiyo tiba kuu kwa wenye ugonjwa wa kiwango cha kati na mkali.

Sitakudanganya kwamba ni starehe. Wiki ya kwanza nilikuwa nikiamka na kukuta barakoa iko sakafuni, nami sikumbuki kuivua. Nilidhani mikanda imelegea, nikaikaza mpaka ikaniachia alama mashavuni hadi mchana, na hewa ikazidi kuvuja. Kumbe barakoa yenyewe ilikuwa kubwa kuliko uso wangu. Nilipobadilishiwa ndogo, ya puani tu, mikanda ikalegezwa na uvujaji ukaisha. Dawa nyingine ilikuwa kuivaa kwa nusu saa jioni nikiwa macho, nikisoma gazeti, ili mwili uizoee bila hofu. Nafuu niliiona katika wiki ya tatu: siku hiyo nilishtuka kugundua kwamba ilikuwa alasiri na sikuwa nimesinzia. Lakini naomba nisieleweke vibaya: mashine hii hurekebishwa kulingana na vipimo vya mtu, kwa hiyo usiazime ya jirani wala kununua iliyotumika kabla hujapimwa.

Kuhusu saa janja, hapa nina maneno. Nilikuwa nayo, na kila asubuhi niliitazama kabla hata sijajiuliza nimeamkaje. Saa hupima mjongeo wa mkono na mapigo ya moyo, kisha hukisia. Hatua za usingizi hupimwa kwa kunasa umeme wa ubongo kwa nyaya zilizobandikwa kichwani. Saa za kulala na kuamka huzikadiria vizuri kiasi, ila hiyo 61 ni hesabu ya kiwandani ambayo kila kampuni ina yake. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani waliwaeleza wagonjwa waliopoteza usingizi kwa kuhangaikia namba za vifaa hivi, wakabuni hata jina la hali hiyo, yaani othosomnia. Mimi nilikuwa mmoja wao bila kujua. Fundi atanisamehe, lakini hata kisafishaji ningekizima kwa wiki moja nione kama mafua yanabadilika. Kama hayabadiliki, kinakula umeme bure.

Fundi Hewa alijibu:

Nakusamehe, Baba Pacha, ila wiki moja ni fupi kwa mtu mwenye mzio. Ajipe walau mwezi, na katika mwezi huo afue mashuka kwa maji ya moto kila wiki, maana utitiri haukai hewani. Unakaa kwenye godoro na mto, mahali ambapo kisafishaji hakifiki.

Somo alijibu:

Mmekisahau kidani. Ndugu Mkesha, kivue leo. Mwaka 2021 mamlaka ya usalama wa nyuklia ya Uholanzi ilipima mapambo ya namna hiyo, baadhi yakiuzwa kwa jina hilohilo la ioni hasi, ikakuta kumi kati yake yanatoa mnururisho, yaani mionzi yenye madhara, kutokana na madini ya kinururifu yaliyochanganywa ndani. Iliwataka watu wasiyavae tena, wayaweke mbali mahali salama na kusubiri maelekezo badala ya kuyatupa ovyo. Sijui chako kina nini ndani, na wewe pia hujui, hiyo inatosha.

Kama unataka kifaa cha nguvu za mchana, ipo taa ya mwanga mkali wa luksi 10,000 (luksi ni kipimo cha mwanga), inayokaliwa mbele yake dakika 20 hadi 30 asubuhi, lakini kazi yake iliyothibitika zaidi ni kwa sonona ya majira yenye jua haba. Mwenye maradhi ya macho au mwenye hali ya kupanda na kushuka sana kwa hisia aulize daktari kwanza. Kutoka nje asubuhi hukupa mwanga unaozidi kwa mbali ule wa sebuleni, hata siku ya mawingu.

Mkesha alijibu:

Shikamoo, Mama Muuguzi, na asanteni nyote. Kipima unyevu kimefika juzi. Kilisoma 68 kabla sijawasha chochote. Nimekizima kifaa cha ukungu, na kisafishaji kimerudi kijani usiku huohuo. Kinywa lakini bado kinakauka.

Nilimuuliza mke wangu. Alicheka kidogo, kisha akasema alidhani najua. Usiku uliofuata alinirekodi kwa simu. Nimesikiliza: nakoroma, kisha kimya. Nilihesabu sekunde 24 mpaka nikasikia pumzi ikirudi kwa kishindo, na ndani ya dakika kumi limetokea mara tano. Miadi ya daktari ni wiki ijayo. Niende na takwimu za saa pia?

Muuguzi Mstaafu alijibu:

Marahaba, mwanangu. Nenda na hiyo rekodi, na mkeo awepo ikiwezekana, kwa sababu yeye ndiye shahidi. Takwimu za saa unaweza kuzibeba, ila usizitangulize. Andika kwenye karatasi dawa zote unazotumia, hata za mafua, na siku ambazo umesinzia mchana na ulikuwa ukifanya nini. Mpaka utakapopimwa, safari ndefu mwachie mwingine ashike usukani.