Kushinda na njaa mchana, kufakamia usiku

Mtu anajinyima mchana kutwa ili apungue, usiku anafakamia hadi tumbo linauma. Ni kukosa nidhamu?

— Hapana, ni njaa. Katika jaribio la Minnesota, Marekani (1944–45), wanaume 36 wenye afya walipunguziwa chakula kwa wiki 24. Wakawa hawawazi kingine ila chakula. Ale milo 3 na vitafunio 2, asikae zaidi ya muda wa saa 4 bila kula. Akifakamia usiku, kesho asiruke kifungua kinywa. Wengi huharibu hapo.

— Na aandike palepale: saa, alichokula, hisia zilizotangulia. Kalori aachane nazo, kuzihesabu huchochea tu kufakamia.

— Ikijirudia kila wiki kwa miezi 3, amwone mtaalamu. Akijitapisha asisubiri hata hiyo miezi: kutapika hushusha potasiamu (madini ya mwilini), nayo ikishuka, mapigo ya moyo huvurugika.