MGB ya 1965 inapoteza nguvu ikifika kilomita 90 kwa saa: je, kosa ni la kabureta?

Mwenye gari, Mikindani

Ndugu zangu, naomba msaada wenu. Ninayo MGB ya mwaka 1965, gari dogo la michezo la Kiingereza, yenye injini ya cc 1798 na kabureta mbili (vifaa vya kuchanganya mafuta na hewa) za aina ya SU, niliyoachiwa na marehemu baba yangu mkubwa. Mjini inakwenda vizuri, asubuhi inawaka bila usumbufu, na ikiwa imesimama naweza kuikanyaga hadi mizunguko 5,000 kwa dakika bila kumisi. Tatizo huanza nikishika barabara ya Lindi. Kwa mwendo wa kilomita 90 huvuta kwa dakika tatu au nne, kisha nguvu hupungua polepole, kana kwamba nimeondoa mguu kwenye mafuta, na nikishuka hadi 50 hurudi katika hali yake baada ya muda mfupi. Fundi mmoja amekwisha kuzifungua kabureta zote mbili na kubadilisha plagi, lakini hali ni ile ile. Je, niagize kabureta nyingine kutoka Uingereza? Gharama yake ni kubwa, na nisingependa kukosea.

Fundi, Ligula

Usiagize chochote kwanza. Kabureta husingiziwa mambo mengi kwa sababu ndiyo inayoonekana mara tu boneti inapofunguliwa, lakini dalili ulizozieleza zinaelekeza nyuma ya gari. Injini inayozunguka bila mzigo hutumia mafuta kidogo sana, hata kama inapiga kelele nyingi, na ndiyo maana ukiikanyaga ikiwa imesimama hupati jibu lolote la maana. Ikiwa barabarani, chemba za floti, yaani vibakuli vya akiba ya mafuta vya kabureta, huanza zikiwa zimejaa. Mafuta yanayoingia yakiwa machache kuliko yanayotoka, kiwango hushuka kidogo kidogo mpaka injini inakosa. Unapopunguza mwendo, chemba hujaa tena. Dakika zako tatu au nne zinaeleza jambo hilo hilo.

Fanya hivi. Gari linapoanza kuchoka, vuta choki, ile inayoongeza mafuta kwenye mchanganyiko, kidogo; likipata nafuu, hata kwa sekunde chache, basi linakosa mafuta. Safari nyingine, mahali ambapo barabara ni tupu, zima injini likiwa limechoka, kanyaga klachi, liache lisimame pembeni, kisha fungua plagi zote nne mara zitakapopoa kiasi cha kushikika. Katika injini hii kabureta ya mbele hulisha silinda ya kwanza na ya pili, na ya nyuma hulisha ya tatu na ya nne. Plagi nyeupe ni dalili ya mafuta machache, ya kahawia ni nzima. Mbili zikiwa nyeupe na mbili za kahawia, kasoro imo katika kabureta moja, hasa sindano ya floti, inayofungua na kufunga mafuta yanayoingia kwenye chemba. Zote nne zikiwa nyeupe, acha kabureta kabisa.

Hapo hapo, kabla hujafanya lingine, fungua kifuniko cha tangi na usikilize. Ukisikia hewa ikivutwa ndani kwa nguvu, tundu la kupumulia limeziba na pampu inavuta dhidi ya ombwe.

Fundi mstaafu wa umeme wa magari, Lindi

Nakubaliana na mwenzangu, ila moto wa plagi usisahaulike. Kondensa au koili, vifaa vya kuzalisha cheche, ikichoka, injini humisi kwa kukatakata na kushtuka, mara nyingi kwa mlio katika ekzosi. Haififii polepole kama ulivyoeleza. Hivyo naelekea kuamini kwamba ni mafuta.

Hata hivyo, pampu yako ni ya umeme, imefungwa nyuma karibu na gurudumu la kulia, na ndani yake zipo platini (ncha za kuunga na kukata umeme) zinazoungua kama zile za distribyuta, kifaa kinachogawa cheche kwa plagi. Kwa hewa yetu ya chumvi, waya wa ardhi wa pampu hushika kutu mapema kuliko kitu kingine chochote, nami nimeona pampu nzuri zikitupwa kwa sababu ya boliti moja chafu. Pima volti kwenye pampu yenyewe inapofanya kazi, si kwenye betri. Kumbuka pia kwamba gari la mwaka huo lina betri mbili za volti 6 na bodi yake imeungwa kwenye upande wa chanya wa betri, si wa hasi. Asiyejua huunganisha kinyume.

Mwenye gari, Mikindani

Ahsanteni sana, wazee wangu. Choki ilileta nafuu kwa muda mfupi, plagi zote nne zilikuwa nyeupe, na kifuniko cha tangi hakikuvuta hewa. Waya wa ardhi ulikuwa na kutu nikausafisha. Volti sasa ni 12 kamili, lakini gari bado linachoka.

Fundi, Ligula

Basi sasa pima wingi wa mafuta yanayoletwa na pampu. Injini ikiwa baridi, mahali pa wazi, ndoo ya mchanga ikiwa karibu na mvuta sigara yeyote akiwa mbali, chomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, uuelekeze ndani ya kopo lenye alama za ujazo, kisha uwashe swichi pekee. Gari linalotumia lita 10 kwa kilomita 100, likienda kilomita 90 kwa saa, linahitaji lita 9 kwa saa, yaani mililita 150 kwa dakika, na kilimani zaidi sana. Mimi siridhiki na chini ya nusu lita kwa dakika. Usiishie dakika moja, kwa kuwa tatizo lako linahitaji muda ili lijitokeze: pima tatu mfululizo. Sikiliza pampu pia. Ikigonga haraka bila kupumzika huku mafuta yakitoka na mapovu, inavuta hewa mahali fulani kabla ya kuifikia.

Mwenye gari, Mikindani

Dakika ya kwanza nilipata mililita 600, ya pili 310, ya tatu 90. Mapovu hayakuwapo. Nilitoa mpira mfupi unaotoka kwenye tangi kuja kwenye pampu: kwa nje ni mzima, lakini nilipoupasua kwa kisu nikakuta ngozi ya ndani imebanduka na kuning'inia kama kilango, hivyo kila pampu inapovuta, kilango hujifunga. Baada ya kuweka mpira mpya wa petroli nilipata zaidi ya nusu lita katika kila dakika, na jana nimefika Mnazi Mmoja na kurudi bila gari kuchoka hata mara moja. Plagi za silinda ya kwanza na ya pili bado ni nyeupe kidogo kuliko nyingine.

Fundi, Ligula

Hizo zinatokana na marekebisho ya fundi wa awali. Pandisha nati ya jeti (tundu la kupitishia mafuta) ya kabureta ya mbele hadi juu kabisa, kisha uishushe mizunguko miwili kamili, ambayo ni pande 12, kwa kuwa nati ina pande sita. Ifanyie hivyo na ya nyuma ili zianze sawa, halafu urekebishe kutoka hapo injini ikiwa ya moto. Mipira mingine ya mafuta katika gari hilo ina umri ule ule, kwa hiyo ibadilishe yote kabla hujaenda nalo Masasi.