Naomba ushauri: kiambaza cha Kikorea chenye picha za vitabu

Wakuu, habari zenu. Mama mwenye nyumba wangu hapa Seoul amenipa kiambaza cha kukunja, paneli nane, aina ya chaekgeori: rafu za vitabu, brashi, vyombo vya kaure, manyoya ya tausi, na komamanga lililopasuka (dua ya watoto wengi). Mfalme Jeongjo aliweka cha namna hii nyuma ya kiti chake cha enzi mwaka 1791. Changu si cha ikulu, najua! Ila kuna muhuri umechorwa umelala ubavu, na mchoraji Yi Hyeong-rok alificha jina lake kwenye mihuri hivyo hivyo. Waigaji nao wanalijua hilo.

Karatasi inabanduka penye maungio, na ukungu umeanza. Nibandike mwenyewe kwa gundi ya wanga, au nisiguse kabisa mpaka fundi akione? Na nani humu anasoma herufi za Kichina zilizo kwenye mihuri kama huu?